Shajara ya mradi: vipande vitano vya daraja na kreni ya tani 600

Siku ya 1

Kreni imeanza kufika. Kwa sasa ni msururu wa malori tu: mwili mkuu umekuja peke yake juu ya lobedi (trela bapa la kubebea mitambo mizito), minyororo miwili ya kutembelea kila mmoja na lobedi lake, halafu vipande vya mkono, makapi, roli za waya, na vyuma vya uzani vilivyopangwa kama vitabu. Kwa orodha niliyonayo yatakuja malori 43. Jana ilitangulia kreni ndogo ya tani 100, ambayo kazi yake ni kuiunganisha hii kubwa na baadaye kuifungua.

Kwa atakayesoma shajara hii bila kuujua mradi: daraja ni la chuma, lina vipande vitano vyenye umbo la hori. Chini na pembeni pamezibwa, juu pako wazi mpaka zege la barabara litakapomwagwa. Kipande kirefu kuliko vyote kina mita 34. Vitakaa juu ya nguzo mbili za zege zilizo mtoni na kuta mbili za ukingoni, na kwa kipindi cha ujenzi vitasaidiwa na nguzo za muda za chuma. Kazi yangu ni kusimamia unyanyuaji, kuanzia slingi ya kwanza (kamba ya kufungia mzigo) hadi kulabu itakapoachia kipande cha mwisho.

Jina la tani 600 huwadanganya wageni. Tani hizo ni pale mzigo ukiwa umekaribia kabisa mwili wa kreni, mahali ambapo hakuna mtu anayejenga kitu. Sisi mzigo wetu mgumu utawekwa mita 44 kutoka katikati ya kreni, na hapo jedwali la kreni, linaloonyesha mzigo wa juu kabisa kwa kila umbali, linatupa tani 168, tena kwa msaada wa trei ya uzani wa nyuma. Ndani ya hizo 168, kulabu, boriti ya kutanulia slingi, slingi zenyewe na shakeli (pingu za chuma za kuungia) zinakula tani 18 kabla hujagusa chuma cha daraja. Na kwenye mpango wa unyanyuaji tumekubaliana kutovuka asilimia 80 ya jedwali. Asilimia 80 ya 168 ni 134. Namba hiyo nimeiandika kwa kalamu ya rangi kwenye kioo cha ofisi.

Siku ya 3

Leo tumeshughulika na udongo.

Kreni, uzani wake na mzigo vikijumlishwa vinakaribia tani 900. Watu hugawanya tani hizo kwa eneo la minyororo miwili, wakapata namba ya kuridhisha, wakalala. Namba hiyo ni ya kreni iliyotulia, mzigo ukiwa mbele sawasawa. Mkono ukigeukia pembeni, uzito mwingi unahamia kwenye mnyororo mmoja, tena kwenye ncha ya mnyororo huo. Udongo unatakiwa ubebe hali hiyo mbaya kuliko zote hata kama itadumu dakika mbili.

Mhandisi wa udongo amepima sehemu 12 za uwanja kwa sahani. Unalaza sahani ya chuma yenye upana wa sentimita 60, unaikandamiza kwa jeki iliyoegemea tumbo la kijiko (mtambo wa kuchimbia), unasoma imedidimia milimita ngapi. Sehemu kumi zilikuwa ngumu. Mbili za upande wa mto zilididimia mara tatu ya zile nyingine. Kwa macho huoni tofauti, maana kokoto ni ileile na roli la kushindilia lilipita palepale. Tukachimba. Kwenye kina cha mita moja na robo likatoka tope jeusi, vipande vya magunia na mzizi mnene kama paja. Hapo zamani palikuwa na mtaro, mtu akaufukia kwa chochote alichokuwa nacho, akasawazisha juu, akaenda zake.

Msimamizi wa mradi aliuliza kama hatuwezi kuongeza safu ya pili ya mikeka ya mbao itakayolazwa chini ya kreni. Nikamwambia mikeka kazi yake ni kuutandaza uzito, na tope litabaki tope. Nimeandika kwenye ripoti: kuchimba mpaka udongo wa asili, kurudishia mawe kwa matabaka ya sentimita 25, kushindilia kila tabaka, kupima upya. Siku nne. Hakufurahi, ila saini yake ipo.

Siku ya 8

Sehemu zote 12 zimepita. Mikeka imetandikwa. Mpima ameweka alama nne za rangi kwenye kona zake ili asome kimo kabla na baada ya kila unyanyuaji. Kona ya kaskazini-mashariki iko juu ya ule mtaro. Nimemwomba hiyo aisome mara mbili.

Siku ya 10

Mkono umepanda, mita 84. Watu walijipanga kupiga picha, na ni kweli inapendeza, lakini kuuinua mkono mrefu kutoka chini ni moja ya nyakati ambazo kreni inajibana kuliko siku nyingi za kubeba mizigo: mkono wote umelala mbele, na hakuna cha kuupunguza isipokuwa kuendelea kuuinua. Ulipovuka nusu ya safari ndipo nilipokaa.

Opereta wetu ni mama wa makamo, mtu wa maneno machache. Kabla ya kuwasha alizunguka kreni yote kwa miguu akigusa pini za mkono moja moja kwa kidole. Aliikuta moja ambayo kishikizo chake kimewekwa kinyume. Hakusema kitu, alimwangalia tu fundi aliyehusika, na fundi akapanda.

Siku ya 11

Tumekagua kipima mzigo. Vyuma vya uzani vya ziada vina uzito uliopigwa chapa ubavuni, tani 10 kila kimoja, kwa hiyo tukafunga vinane pamoja na kuvinyanyua. Ukitoa vifaa, kilisoma 80.6. Nimeridhika. Ni kazi ya asubuhi moja ambayo wengi huiruka kwa sababu cheti cha kipima kipo kwenye faili. Nataka nikibishana na namba huko mbele niwe najua nani kati yetu ni mwongo.

Siku ya 12: Kipande cha 1

Karatasi inasema tani 84. Pamoja na vifaa, 102. Kipima kimesoma 105.

Tani tatu za ziada zinaeleweka. Karatasi huhesabu sahani za chuma kama zilivyochorwa. Haijui rangi, wala mistari ya kuchomelea, wala bolti na sahani za maungio ambazo kiwanda kimezifunga juu ya kipande ili zisipotee, wala ngazi ya muda iliyosahaulika ndani. Nimepandisha makadirio ya vipande vyote vilivyobaki kwa uwiano huo. Cha 3, kizito kuliko vyote, kilikuwa 108 kwenye karatasi. Sasa nakihesabu 112. Jumlisha vifaa, 130. Bado tuko chini ya 134, ila nafasi iliyobaki ni ndogo.

Jambo moja kwa wale vijana wawili wapya walioniuliza kwa nini tulikaa robo saa nzima kipande kikiwa kimeinuka sentimita 20 tu. Nyuma ya kreni kuna trei yenye tani 250 za vyuma, imening'inizwa kwenye mlingoti wa nyuma. Kreni ikiwa haina mzigo, trei inakaa chini. Mzigo ukiingia mbele, kreni inavutika, na trei inaanza kuachia ardhi. Mpaka iachie kabisa, kreni haigeuki, kwa sababu ungekuwa unaburuta tani nyingi juu ya kokoto. Kwa hiyo fundi mmoja anachuchumaa pembeni ya trei na ubao mwembamba. Anaupitisha chini ya kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kona ya nne ubao ulikwama. Opereta akasogeza trei nyuma kidogo kwa silinda zake, ubao ukapita, fundi akainua mkono. Hapo ndipo tulipogeuka. Robo saa hiyo pia tulikuwa tunasikiliza slingi, tunatazama shakeli kama zimekaa wima, na mpima anasoma kona zake. Kaskazini-mashariki: milimita 4.

Kukiweka kipande juu ya beringi (kiegemeo kinachokalia nguzo au ukuta) kulichukua dakika 35. Kukiachia, saa tatu nzima, kwa kuwa kulabu haitoki mpaka kipande kifungwe kisiweze kupinduka chenyewe.

Siku ya 14

Upepo. Hatukufanya kazi.

Mpaka wetu ni mita 9 kwa sekunde kwenye ncha ya mkono. Chini hapa mtu anasimama anakunja uso kwamba mbona kumetulia. Huko juu, mita 80 hivi, kipimaupepo kinasoma 12, kinapanda 15. Upepo ukiongezeka mara mbili, msukumo wake unakuwa mara nne. Ubavu wa kipande cha 3 ni karibu mita 88 za mraba, na kikining'inia kinakuwa tanga. Msukumo huo haumwongezei opereta namba kwenye kipima mzigo. Unavuta mzigo pembeni au mbele, na mkono wa kreni umetengenezwa ubebe kwenda chini.

Huwa nawasimulia mafundi habari ya Milwaukee, Marekani, tarehe 14 Julai 1999. Kreni kubwa waliyoiita Big Blue ilikuwa inaweka kipande cha paa la uwanja wa besiboli, mzigo wa zaidi ya tani 400. Upepo uliopiga juu ya eneo la kipande chenyewe haukuwa umehesabiwa ipasavyo. Kreni ilianguka, na wafanyakazi watatu waliokuwa ndani ya kikapu cha kreni nyingine, wakisubiri kukipokea kipande, wakafa. Leo nimeisimulia tena. Msimamizi wa mradi alikuwepo, na baada ya hapo hakuuliza kuhusu saa tulizopoteza.

Usiku upepo ulirarua turubai moja kwenye uwanja wa kuhifadhia vipande.

Siku ya 15 na 16

Mvua. Tumepaka grisi, tumekagua waya, tumepanga bolti kwa urefu.

Siku ya 17: Kipande cha 2

Makadirio 105 pamoja na vifaa, kipima 105. Saa nne na nusu kuanzia kufunga slingi hadi kuachia. Sina cha kuandika zaidi, na ningependa siku nyingi ziwe hivi.

Siku ya 19: Kipande cha 3

Siku hii naiandika kwa urefu, kwa sababu nitaulizwa.

Tulianza saa moja asubuhi, upepo mita 4. Slingi zimefungwa, boriti ya kutanulia iko sawa, kamba za kuongozea zimeshikwa pande zote mbili. Nilimpa opereta ishara ya kupokea mzigo kwa hatua za tani 10 na kusimama kila hatua. Tani 60, kimya. Tani 100, magogo tuliyolaza chini ya kipande yakaanza kulia kama kawaida yanapopumua. Tani 120, ncha ya magharibi ikaachia gogo lake, nikaweza kupitisha kiganja. Ya mashariki haikutikisika.

Ncha moja kutangulia ni kawaida, inategemea slingi zimekaaje. Tukaenda 125. Magharibi ikapanda zaidi, mashariki bado. Tukafika 130, ambayo kwa hesabu yangu ndiyo mzigo mzima ukiwa hewani, vifaa ndani yake. Mashariki imekaa kama iliyopigiwa misumari.

Opereta akaongea kwenye redio, kwa sauti yake ileile ya taratibu: "Kaka, mzigo wako una kitu ndani."

Nilikuwa na mawazo mawili. La kwanza, kipande kimeshikwa na kitu chini: barafu hatuna, lakini boriti ya kusafirishia iliyochomelewa na kusahaulika imewahi kunikuta kwenye kazi nyingine. Nikamtuma fundi aangalie kwa tochi kutoka pembeni, bila kuingia chini. Hakuna kilichoshika. La pili, kipima kinadanganya. Ila kipima nilikipima mwenyewe siku ya 11. Niliruhusu hatua moja ndogo. Kikasoma 134, na mashariki haijaondoka. Nikasema simama, tushushe.

Kuna mtu, simtaji, alisema tumebakiza kidogo, tuongeze tani tatu nne kipande kitoke, jedwali linaruhusu hadi 168. Ni kweli jedwali linaruhusu. Lakini mpaka hapo hakuna aliyejua uzito wa kitu tulichokishika, wala katikati ya uzito wake iko wapi, na ncha ya pili ingetoka ghafla, mzigo mzima ungebembea kutafuta mahali pake pa kutulia.

Tulishusha mpaka kipande kikakaa chote juu ya magogo na slingi zikalegea. Ndipo fundi mmoja akaegemeza ngazi ubavuni, mita mbili na nusu hivi, akachungulia ndani ya hori. Akacheka. Kisha akasema, "Mzee, kuna bwawa."

Nilipanda nikaona. Turubai lililoraruka siku ya 14 lilikuwa la kipande hiki. Mvua ya siku mbili iliingia yote, ikateremka chini ya kuta za ndani hadi upande wa mashariki, kwa kuwa uwanja una mteremko mdogo kuelekea huko, ikajikusanya. Maji ya hudhurungi yaliyotulia, jani moja linaelea. Fundi aliingia na mabuti: yalivuka kifundo cha mguu. Tulipima kwa futikamba kina cha sentimita 16 kwa wastani, urefu mita 11, upana mita 4. Mita za ujazo saba, yaani tani 7, zote zikiwa kwenye ncha moja. Jumlisha na 130, inakuwa 137. Asilimia 81 na kitu.

Chini ya kila kipande kuna matundu ya kutolea maji, upana wa sentimita saba na nusu, hasa kwa ajili ya hali kama hii. Fundi alipapasa kwa mguu mpaka akalipata la kwanza, akainama, akaingiza mkono wote hadi kiwiko, akatoa kipande cha tepe ya kupakia rangi. Wapaka rangi waliyaziba kutoka ndani ili rangi isiingie kwenye kingo za tundu, na hakuna mstari kwenye karatasi yoyote unaosema nani ayafungue. Yangu ikiwemo. Orodha yangu ya ukaguzi kabla ya kunyanyua ina vipengele 31, na hakuna kinachosema panda uchungulie ndani.

Maji yalimwagika kwa karibu nusu saa. Tepe ile niliibandika kwenye kioo cha ofisi, chini ya namba 134.

Siku ya 20: Kipande cha 3 tena

Kipima 131. Ncha zote mbili zilitoka pamoja. Kaskazini-mashariki: milimita 7 wakati mkono umegeukia upande huo, ikarudi 5 baada ya kuachia. Orodha ya ukaguzi sasa ina vipengele 33: matundu, na kuchungulia. Matundu ya vipande viwili vilivyobaki yalikuwa yamezibwa vilevile.

Siku ya 21

Kikao kirefu. Tuko nyuma kwa siku sita, na likaja wazo: wakati kreni yetu inahamia kituo cha pili, kipande cha 4 kiwekwe na kreni mbili za barabarani zilizopandishwa juu ya bojo la mizigo (chombo bapa kinachoelea) mtoni. Mwenye wazo alikuwa na picha za madaraja ya baharini yanayojengwa kwa kreni zinazoelea.

Picha zenyewe ni za kweli. Meli ya kunyanyulia iitwayo Svanen, iliyojengwa kwa ajili ya daraja la Great Belt huko Denmark, ilibeba baadaye maboriti ya daraja la Confederation huko Kanada, lililofunguliwa mwaka 1997: kila boriti kuu mita 192, tani zipatazo 7,500. Lakini Svanen ni chombo kilichobuniwa kizima kwa kazi hiyo, miili miwili ya meli yenye fremu juu, na mzigo unaning'inia katikati yake.

Kreni ya barabarani juu ya bojo ni kitu kingine. Mkono ukigeuka na mzigo, bojo linainama upande huo. Likiinama, ncha ya mkono inasogea nje, umbali wa mzigo unaongezeka, mzigo unavuta zaidi, bojo linainama zaidi. Tarehe 3 Agosti 2015, Alphen aan den Rijn, Uholanzi, kreni mbili juu ya mabojo zilikuwa zinapeleka kipande cha daraja. Zote mbili zilipinduka, na kipande na mikono ya kreni vikaangukia nyumba. Uchunguzi uliofuata ulieleza kwamba mabojo hayakuwa na uimara wa kutosha kwa kazi ile. Hakuna mtu aliyekufa, jambo ambalo ukitazama picha za paa zile huliamini kwa shida.

Nilisema nitakuwa tayari kusoma hesabu za uimara wa bojo zikiletwa, zikiwa na mzigo katika kila pembe ya mzunguko. Hazijaletwa. Kipande cha 4 kinasubiri kreni yetu.

Siku ya 22

Kreni imetembea mita 60 hadi kituo cha pili, mkono ukiwa juu, bila mzigo. Saa mbili na nusu kwa mita 60. Mpima alitangulia akisoma usawa: jedwali letu halikubali kreni ilale zaidi ya sentimita 3 kwa kila mita 10.

Siku ya 23: Kipande cha 4

Kunyanyua kulikwenda vizuri, makadirio 110, kipima 110. Shida ilikuwa chini: beringi ya ukuta wa ng'ambo ilikuwa juu kwa milimita 8 kuliko mchoro, ikabidi kipande kikae kwanza juu ya jeki nne, beringi irekebishwe, ndipo kishushwe.

Wakati kimekaa juu ya jeki, tuliweka sahani za chuma chini yake na kuzifuatisha: jeki ikishuka milimita 5, sahani ya milimita 5 inatolewa, kamwe pengo lisizidi hapo. Kijana mmoja aliona ni kupoteza muda, jeki ni mpya. Desturi hii ni ya zamani. Mwaka 1849, wakijenga daraja la Britannia kule Wales, Robert Stephenson aliagiza kwamba kila bomba kubwa la chuma likipandishwa kwa mashine ya maji, nafasi iliyo chini yake ijazwe hapohapo. Mashine moja ikapasuka. Bomba likaanguka inchi chache tu, likakaa juu ya kujaza kule. Kwa upande mwingine, tarehe 11 Septemba 1916 kule Quebec, kipande cha katikati cha daraja kilikuwa kinapandishwa, egemeo la chuma cha kumimina kwenye kona moja likavunjika, kipande kikazama mtoni na watu 13 wakafa. Kijana alirudi kwenye sahani zake.

Siku ya 24

Leo tumepima pengo tu, kuliko kazi nyingine yoyote. Kipande cha 5 ndicho cha kufungia. Kinaingia kati ya ncha mbili zilizokwisha kuwekwa, na ncha hizo haziko mahali pamoja mchana kutwa.

Kila upande kuna chuma chenye urefu wa mita 64 kilichoshikwa ukingoni. Mita moja ya chuma hurefuka milimita 0.012 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kati ya alfajiri na adhuhuri chuma kilipanda nyuzi 20, na ukipiga hesabu pande zote mbili pengo lilitakiwa lipungue milimita 31. Mpima alisoma 29. Na kipande cha 5 chenyewe, kikiwa juani uwanjani, kilirefuka milimita 6. Nafasi tuliyoachiwa na mchoro kwa pande zote mbili ni milimita 24. Mchana hakiingii, hata ukikisukuma.

Kuna na jambo jingine: jua likipiga juu, ukingo wa juu unapata joto kabla ya sakafu, na ncha inainama. Saa saba mchana ncha ya magharibi ilikuwa chini kwa milimita 17 kuliko alfajiri. Kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri, na kiwe kimeshaingia kabla jua halijagusa chuma.

Siku ya 26: Kipande cha 5

Tumeanza saa nane usiku kwa taa. Matundu yamekaguliwa, nimechungulia mwenyewe. Makadirio 92 pamoja na vifaa. Kipima 92.

Saa kumi na nusu kipande kilikuwa juu ya pengo, kimetulia, kamba nne zimekishika. Opereta alikishusha kwa kasi ambayo ukitazama waya huoni kama unatembea. Fundi wa upande wa magharibi alikuwa ameshika kipande cha mbao laini kati ya kingo mbili za chuma, akikitoa na kukirudisha, akisema kwenye redio, "kidole kimoja, kidole kimoja, nusu." Upande wa mashariki wakasema, "kinagusa." Tukasimama. Kilikuwa kimegusa sahani ya maungio iliyojitokeza, nyundo mbili ikarudi. Saa kumi na moja na dakika 20 pini za kuelekezea zikaingia juu, kisha chini.

Halafu bolti. Mpango unataka nusu ya matundu yawe yamejaa, pini na bolti, pande zote mbili, kabla ya kulegeza kulabu. Jua lilishachomoza, kila mtu anasikia usingizi, na hapo ndipo maneno ya "inatosha" huanza. Nilihesabu mwenyewe kwa chaki.

Saa tatu asubuhi nikamwambia opereta, "Mama, legeza kwa tani 10." Alisoma namba kwa sauti kwenye redio: 82. 72. Tukangoja, mpima anasoma ncha. 62. Ncha zote mbili zimeshuka milimita 3, sawasawa. 52, 42, 32. Kisha akasema "kumi na nane", akanyamaza.

Slingi zilikuwa zimelegea.

Siku ya 28

Mkono umeshuka. Kreni ndogo imerudi na malori yameanza kupanga foleni. Shakeli mbili zina alama za kusuguliwa, zimetengwa zisirudi kazini kabla ya kukaguliwa. Boriti ya kutanulia irudishwe kwa mwenyewe na karatasi zake.

Tumerudi kituo cha kwanza kuinua mikeka. Kona ya kaskazini-mashariki imeishia milimita 6. Mpima aliandika, akafuta kioo cha kifaa chake, akauliza kama anaweza kuichukua ile tepe.